Mitaro Niliyoifukia

Jumanne, Matulo

Mama mkwe ametema chai yangu tena. "Ati umeweka chumvi?" Sikuweka. Ni maji ya kisima.

Mvua imenyesha wiki nzima, lakini kwa fujo, yote ikakimbilia barabarani. Zamani ilishikwa na mitaro aliyochimba marehemu mume wangu, ikazama polepole, kisima kikapata maji matamu. Mitaro hiyo niliifukia mwenyewe, nipate mistari mitatu zaidi ya mahindi.

Dada yangu ananiita nihamie kwake Kitale. Nitaendaje? Kaburi la mume wangu liko hapa, na mama mkwe hawezi kuhama. Kuchimba upya, na mgongo huu...

Jioni mama ameniuliza, "Lakini si mitaro ya mwanangu bado iko?"

Macho yake hayaoni tena. Nimemwambia, "Iko, mama."