Mama Neema, Nafasi Yako Wamenipa Mimi

Mama Neema, rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua, nilitupa udongo wangu mwenyewe kaburini siku ile. Kwa hiyo niruke hapo niende kwenye habari, maana zimenijaa mpaka asubuhi hii nimempimia mteja kilo mbili za maharage badala ya moja, na nikamwacha aondoke nazo.

Tumenunua ghala. Sijasema kupanga, nimesema kununua. Ni lile banda la bati la bluu ukiwa unapanda kutoka sokoni kuelekea barabara ya Vwawa, lile ambalo kila ukilipita ulikuwa unaligonga ukuta kwa kiganja na kusema litakuwa letu, nami nakwambia tembea, jua linatuchoma. Ni letu. Karatasi ina majina ya wanawake wote wa kikundi, kila mmoja kwa jina lake alilobatizwa au alilopewa na babu yake, hakuna aliyeandikwa mke wa fulani. Nimeisoma mara nyingi mpaka Baba Shukuru ananiuliza kama ni Biblia.

Ila kuna jambo moja sijalifanya, na ndilo limenifanya nichukue kalamu. Hisa zako bado zimekaa kwenye akaunti ya simu ya kikundi. Uliandika kwamba zikibaki bila wewe ziende kwa Neema, aingie nazo kwenye kikundi, na haziwezi kumfikia mpaka jina lako litolewe. Kulitoa kunataka watu watatu. Mama Furaha, mwenyekiti wetu, amekubali. Anyesi mwekahazina amekubali. Wa tatu ni mimi. Ujumbe umenijia mara mbili, na mara zote mbili nimeuangalia mpaka muda wake ukaisha. Neema anakaa kwenye meza yako hapa jirani, anachambua mchele, wala haniulizi. Angeniuliza ningepata pa kumkaripia.

Najua unacheka kusikia kwamba wa tatu ni mimi. Hata mimi nilicheka. Mimi huyu niliyekuwa nampa wakala simu yangu ya kitochi na namba ya siri, naye anabonyeza kila kitu, mimi nasubiri kuambiwa tayari. Unakumbuka siku uliyonikuta pale dirishani kwake? Redio ilikuwa inapiga kelele ndani, nami namtamkia namba kwa sauti ili asikie vizuri, na foleni nzima ikasikia vizuri pia. Ulinivuta kwa khanga, ukaniambia, "Mchele wako hupimiwi na mtu, mbona hela zako unapimiwa?" Nilinuna siku mbili.

Na wewe ukishika jambo huachi. Ukagundua laini yangu ilisajiliwa kwa jina la Baba Shukuru, kwa sababu kipindi cha kusajili sikuwa na kitambulisho na yeye alikuwa nacho. Nikakwambia kuna shida gani, si mume wangu. Ukasema shida ni kwamba nauza miaka yote na kwenye rekodi anayeuza ni yeye. Ukanipeleka Vwawa kufuatilia kitambulisho. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi, tukala mahindi ya kuchemsha, ukamsema vibaya kila aliyetoka mle ndani mpaka nikasahau njaa na woga. Zamu yangu ilipofika, dada wa pale mezani akaniuliza kazi yangu, nikajibu mama wa nyumbani. Uliinuka kule ulikokuwa umekaa, ukaja mezani, ukamwambia, "Andika mfanyabiashara. Anauza mpaka Zambia."

Yule dada akaandika. Sijui kama nilikushukuru. Nadhani nilikuuliza tu nauli ya kurudi unayo.

Nikiri na lingine. Ulipoleta wazo la kuacha sanduku na kuhamia kwenye simu, mimi ndiye niliyekupinga kuliko wote. Sanduku letu nililipenda. Lilikuwa la chuma, lina kufuli tatu, funguo tatu kwa wanawake watatu wasio ndugu, nalo lenyewe linalala kwa mwanamke wa nne asiye na ufunguo wowote. Nilisimama kikaoni nikasema mimi siweki hela mahali nisipozisikia zikigonga bati. Wenzangu wakanipigia makofi. Hukubishana nami. Uliuliza tu nani anakumbuka kikundi chetu cha kwanza kilivyokufa. Wote tulikuwepo kwenye msiba wa mwenzetu mmoja, siku ndugu za mume wake walipolileta sanduku uwanjani na nyundo, wakisema hela za marehemu zimo humo. Zilikuwemo zetu sote.

Basi tukahama, na tukaanza kwa kuharibu. Wewe ulikuwa umeenda Igamba kuvuna kahawa ya mama yako. Sisi huku tukafanya simu kama sanduku, ndiyo desturi tuliyoijua. Mama Furaha akatunza simu asiijue namba ya siri, Anyesi akatunza namba asiiguse simu. Ikaja siku ya kumtolea mwenzetu mkopo wa ada, Anyesi yuko msibani ng'ambo ya mji, Mama Furaha anakimbia na simu mkononi kama amebeba yai, na kila akikaribia, muda wa ujumbe unaisha. Uliporudi tukakusimulia, ulicheka mpaka ukakaa chini juu ya gunia. Kisha ukatueleza taratibu, bila kutudharau, kwamba zile kufuli tatu zimo humo humo. Kila mmoja ashike simu yake na namba yake, asimpe mtu, na hela haitoki mpaka wote watatu wakubali. Tangu siku hiyo nikaanza kuielewa.

Halafu ukaenda. Presha haikukupa hata wiki. Mama Neema, mimi bado nina hasira na wewe kwa kutosema mapema kwamba kichwa kinakuuma.

Siku ya kuanua tanga, shemeji yako, mdogo wa marehemu mume wako, alitufuata jikoni. Si mtu mbaya, alichimba kaburi kwa mikono yake. Lakini aliuliza sanduku liko wapi. Mama Furaha akamwambia hatuna sanduku. Akasema basi tumpe hiyo simu yenye hela. Anyesi akampa yake, kwa heshima zote, akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akabonyeza bonyeza, akaomba namba ya siri. Tukamwambia namba ziko tatu kwa watu watatu, na kwamba wewe mwenyewe uliandika hisa zako ni za Neema, tukamwonyesha jina. Akalisoma. Akatikisa kichwa, akarudisha simu, akaomba chai. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, machozi ya msiba na ya furaha kwa pamoja, sikuweza kuyatenganisha.

Siku chache baadaye nikaenda kumwona mama, na wasaliti hawa wakanichagua nikiwa sipo. Nilirudi nikaambiwa nafasi yako ya kuidhinisha hela ni yangu. Nilikataa. Mama Furaha akasema wewe ulishawaambia zamani kwamba ukiondoka, apewe yule mbishi, kwa sababu mbishi haibiwi. Hukuniambia hilo.

Sasa sikia siku ya ghala. Ile taasisi ya mikopo uliyoiandikia ilijibu. Walitazama rekodi za kikundi kwenye simu, wakaona tunavyoweka kila Alhamisi na tunavyorejesha, wala hawakuuliza hati ya nyumba ya mume wa mtu. Mwenye banda, mzee mmoja Mnamwanga mpole sana, akasema atatusubiri mpaka saa sita mchana, na ikipita, kuna bwana mwingine yuko tayari. Huyo bwana mwingine alikuwa amekaa pale pale mlangoni na begi lake mapajani.

Mama Furaha akabonyeza kukubali malipo. Anyesi akabonyeza. Nikaitoa yangu, na kitochi kikaniandikia karibu Zambia. Unajua pale karibu na mpaka simu zinavyovuka zenyewe bila pasipoti. Ujumbe hauji, nasubiri, hauji. Yule bwana akasema kwa upole kabisa, "Mama, si umpigie mzee wako aje akubonyezee?"

Nilifunga khanga kiunoni nikatoka, nikapanda barabara kwa haraka, pembeni ya foleni ya malori, simu nimeinua juu, Mama Furaha ananifuata anahema. Tulipofika juu kidogo mtandao wa kwetu ukarudi na ujumbe ukaingia. Mama Furaha akasogea kutazama, nikamgeuzia mgongo, mwenyekiti wangu mzima, nikaandika namba yangu. Ikakubali. Nilipiga kigelegele katikati ya malori, dereva mmoja akanijibu kwa honi, na wa nyuma yake naye, foleni nzima ikalia bila kujua inalilia nini.

Mauzo yamebadilika, mwenzangu. Jana Bana Mutale, yule mama mteja wetu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, alikuja jioni kama kawaida yake, akijua saa hizo huwa tunashusha bei ili tusirudi na mzigo nyumbani. Nikamwambia leo maharage yanalala kwetu wenyewe ghalani, na bei ni ile ya asubuhi ambayo nimemtumia kwenye simu. Akanitazama, akasema, "Awe, mayo! Hapana, mama, leo umekuwa bosi." Akanunua. Aliniuliza habari zako pia, alikuwa hajasikia. Tulisimama pale tumeshikana mikono, na wateja wakatupita.

Nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Wakati naandika haya, ujumbe umeingia mara ya tatu. Umeandikwa hivi: idhinisha kumwondoa mwanachama Enesi, bonyeza moja kukubali. Mama Neema, nimebonyeza mambo makubwa mwaka huu, deni la ghala nimelibonyeza, na hili dogo limenishinda. Wamekuandika kama mtu aliyefukuzwa. Ningepata aliyetunga maneno hayo ningemfundisha adabu. Lakini kadiri ninavyokung'ang'ania humo, mwanao anachambua mchele kwa mtaji wa kukopa, na hilo usingenisamehe. Subiri.

Nimerudi. Nimebonyeza.

Mara simu ya Neema ikalia. Akasoma kwamba hisa zako sasa ni zake, akafunga mdomo kwa kiganja, akasoma tena. Nilidhani atalia, nikaandaa khanga. Akaniuliza kama anaruhusiwa kuweka hisa yake mwenyewe leo hii, asisubiri Alhamisi. Nikamwambia anaruhusiwa; huyu ni mtoto wa Enesi, sina swali. Sasa anatunga namba yake ya siri, na amenipigia kelele nisitazame.

Nenda salama, rafiki yangu. Nakuahidi kitu kimoja, na wewe unanijua nikishika jambo: hakuna mtu atakayemshikia Neema hela zake, awe shemeji, awe mchumba atakayekuja, hata mimi. Nitamfundisha yote uliyonifundisha, na nitamnunisha inapobidi.

Alhamisi tutakaa, majina yatasomwa, na pale ulipokuwa unaitikia wewe, ataitikia yeye.

Wako,
Mama Shukuru, mfanyabiashara