Alama za Makala

Kwako Baba mdogo,

Tangu uhamie Vitshumbi hujatuandikia, basi naanza mimi. Unaikumbuka nyumba yetu ya mbao? Baba alikuwa hajamaliza mwezi kaburini ulipokuja na maseremala, kiwanja umekwisha kukiuza. Uliizunguka nyumba na kipande cha makala, mkaa wa jikoni, mkononi, ukichora msalaba kwenye kila ubao wa kung'olewa. Nyundo hukuigusa. Mama alipolia, uliwaambia majirani, "Mimi sikubomoa nyumba ya mutu. Nilitia tu alama."

Maneno hayo nimeyabeba hadi chuo kikuu, ambako sasa nafundisha biolojia. Seli ina kiunzi chake, nyuzi za protini zinazoisimamisha kama nguzo zetu. Ina pia kimeng'enya kiitwacho kinazi. Ishara ikifika kutoka nje, kinazi hubandika fosfeti, kialama tu, kwenye protini zinazoshikilia kiunzi. Huku nyuzi zinalegea, kule zinajengwa upya, na seli inahama. Kinazi chenyewe hakivuti hata uzi mmoja.

Niliposoma hayo nilikutambua mara moja. Kwa wanafunzi wangu, kinazi ni Papa Makala. Wanakuandika kwenye mitihani, wanakucheka, na wanaokuja nyuma yao wanakurithi. Nilitaka iwe hivyo.

Sasa yupo Neema, binti yako. Ulipomtuma kusoma, Mama alimpokea. Analala hapa kwetu Murara, tulikozisimamisha tena mbao zilezile, na misalaba yako iko juu ya kitanda chake. Mama alimwambia ni alama za maseremala. Darasani kwangu anakaa mbele, anacheka kuliko wote. Jana tulikuwa tunamenya viazi akaniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, huyu Papa Makala alikuwa mutu kweli, ao ulimutunga?"

Mama alinitazama kwa jicho la kunizuia. Nikasema nitamjibu Jumatatu.

Jumatatu nafundisha fosfatazi, kimeng'enya kinachoondoa alama zilizobandikwa na kinazi. Njoo kabla yake. Shika kitambaa na maji, ufute misalaba ile mbele ya Mama, na Neema akiwapo, useme ilichorwa na mkono wa nani. Usipofika, nitalitaja jina lako mbele ya darasa zima, naye akinisikiliza.

Usiogope, Baba mdogo. Sitabomoa nyumba ya mutu. Nitatia tu alama.

Mimi,
binti wa kaka yako