Adhana ya Mtoto wa Khairiya

Gakii, nimefanya nini mimi!

Yule kichanga wa Khairiya niliyekuambia asubuhi, mapafu yamegoma kabisa. Midomo ya bluu hata kwa oksijeni. Nairobi wana ile gesi ya nitriki oksidi ya kufungua mishipa ya mapafu, sisi hatuna. Ndege imemchukua hapa Manda sasa hivi.

Babu yake alitaka kumwadhinia sikioni. "Nipa dakika moya, mwanangu." Nikamfokea! Mbele ya watu! "Mzee, toka, hakuna muda!"

Dakika moja, Gakii. Na rubani alikuwa bado anasaini makaratasi.

Mzee amekaa kando yangu, hata hanilaumu. Nimemwandikia muuguzi wa ndege: mkitua tu, mwekee mtoto simu sikioni.

Usinipigie. Chaji ni asilimia sita.