Oti Bila Iliki

Jumamosi, 8 Machi 1975

Mvua tangu alfajiri. Kuni mbichi, moshi jiko zima, macho yanawasha. Mama mkwe amepita mlangoni, ameniona natoa machozi, akaridhika. Amedhani namlilia mwanawe.

Namlilia. Lakini si kwa zamu anazozipanga yeye.

Athumani wangu amefariki mwezi uliopita, homa tu, ikampanda na haikushuka. Niko eda. Kaniki mwilini, nywele hazipakwi mafuta, hodi nazisikia tu, wanapokea wengine. Huko stendi ya Kisarawe kibanda changu cha vitumbua kimefungwa kamba. Alinijengea mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye useremala wake. Nakiwaza kile kibanda kuliko inavyompasa mjane. Nyumba hii ni ya ukoo wao. Nikitoka eda, kibanda ndicho kitakachonipangia chumba. Bila hicho ni kurudi kijijini Chole kwa kaka yangu, nikalale mkeka mmoja na watoto wake. Au nibaki hapa hapa kwa namna ambayo sitaki hata kuiandika.

Jumatatu, 10 Machi

Duka la kijiji limeleta oti, nafaka ya Ulaya iliyopondwa. Msaada wa njaa. Mchele hakuna, unga wa njano watu wanachaniana nguo. Oti hakuna anayeipigania. Wameipa jina, pumba za Wazungu. Wanawamwagia kuku.

Wifi yangu Zena, mdogo wake marehemu, ameleta gunia zima, kisha akakaa kulitazama kama mgeni asiyejulikana kaja kwa nani.

Mimi naijua. Kabla sijaolewa nilikuwa jikoni kwenye chuo kimoja Kibaha. Walimu wageni waliila kila asubuhi kwa maziwa ya ng'ombe, imepoa, haina ladha, na wanacheka. Leo nimeipika nijuavyo mimi. Nimeiloweka, nimeichemsha kwa tui jepesi, tui zito mwishoni, chumvi kidogo, sukari tuliyoificha. Mama mkwe amekula bakuli mbili. Amesema si mbaya kwa chakula cha kuku.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata namna ya vitumbua vya oti. Oti iliyolala majini, itwangwe kinuni mpaka ilainike, tui zito, hamira, unga wa ngano kiasi cha kushikia tu. Yai halihitajiki, wala maziwa. Vya kwanza viling'ang'ania kwenye chuma cha kukaangia. Vya pili vimegeuka vizuri, vikavimba, pembeni vimekauka, katikati laini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nimejisikia mtu.

Nikanyoosha mkono nichukue iliki. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono. Mwanamke wa eda hagusi harufu nzuri. Nikamwambia katazo hilo ni la manukato ya mwilini, iliki ni chakula.

"Pua yako itajuaje?" ameniuliza.

Basi Zena ametwanga iliki uani, chini ya upenu, mimi nimekaa ndani nimefunga mlango. Akaja na kiganja chake, akaitia kwenye bakuli langu, akakoroga. Mimi nimeelekezwa dirishani mpaka amalize. Kichekesho. Athumani angecheka mpaka akae chini.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Vitumbua sinia mbili, na kashata: oti nimeikaanga kavu mpaka ikawa rangi ya udongo, nazi iliyokunwa, sukari iliyoyeyushwa, nikamwaga ubaoni na kukata. Zena amevipeleka. Sinia zimerudi tupu, zimelambwa.

Jioni mama mkwe akatoa wazo. Kwa nini Zena asifungue kibanda, akauza wakati mimi nimo ndani? Kisikae bure. Mchwa watakila. Nimekubali. Ningekataa kwa maneno gani? Na nilifurahi, niseme kweli. Niliona kibanda kinanisubiri kikiwa na moto.

Ijumaa, 11 Aprili

Naamka kabla ya adhana. Natwanga, nakoroga, nakaanga. Kuna ukungu, watu wa mabasi ya Dar wanataka kitu cha moto mkononi. Zena anakuja amevaa kanga safi, anatia iliki yake, anajitwika sinia, anaondoka. Mimi nabaki na masizi.

Kutoka nje ni haramu kwangu. Kukaanga kutwa nzima ni halali. Sijui wamesoma kitabu kipi.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji Rajabu amekuja. Huyu ndiye mdogo wake Athumani wa kwanza, Zena ndiye kitinda mimba. Ana mke tayari Mzenga. Dini inamkataza kuniposa nikiwa eda, kwa hiyo anaongea habari za paa. Bati la upande wangu linavuja. Nyumba inahitaji mwanamume. Atakuja alitengeneze mwenyewe. Hakunitazama hata mara moja, lakini alilitazama paa langu kama mtu anayenunua.

Nimemjibu kwamba ndoo inatosha.

Jumatano, 14 Mei

Nilikuwa na homa tangu juzi. Sikuweza kushika mchi. Zena akasema, pumzika wifi, nitajaribu mwenyewe.

Nikalala nikisikia kinu. Mapigo yalikuwa yangu. Mimi nimemfundisha, pale unapopumzika kidogo ili oti isirukie nje. Nikasikia mafuta, nikamsikia akigeuza. Hakuniita kuuliza chochote.

Nilimwomba Mungu vishikane na chuma. Niliomba virudi, sinia nzima, vimepoa, na nzi juu yake. Ndivyo nilivyoomba, nikiwa eda, nikiwa mgonjwa, badala ya kuomba nipone.

Vimeisha vyote kabla ya basi la pili.

Jumamosi, 31 Mei

Tatu amekuja kunitazama. Rafiki yangu tangu jikoni kule Kibaha, sasa kaolewa Kongowe. Ameteremka stendi, amenunua vitumbua aniletee zawadi. Hakujua. Amenipa vitumbua vyangu mwenyewe vimefungwa gazetini.

Anasema kulikuwa na foleni. Watu wanaviita vya Zena. Mmoja alimwambia Tatu kwamba vitumbua vya oti viko kwingine sasa, wamevikopi wa Pugu, lakini havinukii kama vya Zena. Iliki yake ndiyo siri. Na kibanda kina makuti mapya. Rajabu ndiye aliyeezeka.

Nimecheka. Tatu akashtuka. Kila kilicho ndani ya kile kitumbua kimetoka mikononi mwangu, isipokuwa harufu. Wakakinusa, wakampa yeye.

Nilimuuliza Tatu kama Kongowe nako wamepata oti. Wamepata. Wanafanyia nini? Kuku.

Jumatatu, 9 Juni

Zena haniamshi tena. Anaamka mwenyewe. Leo nimeenda jikoni nikakuta keshatwanga, keshakoroga, na chuma changu keshakifunga akakaangie kibandani. Nikasimama mlangoni na kaniki yangu.

"Ukalale tu, wifi," amesema. Kwa upole. Si mtu mbaya Zena. Ningependa awe mbaya.

Nikamwendea mama mkwe. Nilijipanga maneno, nikamwamkia vizuri, nikakaa chini. Nikamwambia eda inakaribia kwisha, na kibanda nitakirudia. Akaendelea kuchambua mboga.

"Kile kibanda kajenga nani?"

"Mume wangu, mama."

"Mwanangu," amesema. Akaendelea na mboga.

Nilirudi chumbani nikatukana. Matusi yote ninayoyajua ya Kizaramo na ya Kiswahili, taratibu, mdomo umefunikwa na mto.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetoka eda. Wamenikogesha, wamenivisha doti mpya, wamenipaka mafuta. Wakafukiza udi mpaka nikakohoa. Harufu zote walizonikataza wamenimwagia kwa siku moja.

Dua imesomwa. Wageni wamelishwa vitumbua. Zena kavipika. Wanawake wa msibani wakawa wanamsifu, na mmoja, mtu mzima, akanigeukia na kuniambia nina bahati kupata wifi kama huyu, nijifunze kwake.

Nimesema nitajifunza, mama.

Alasiri mzee mmoja ametumwa. Posa ya Rajabu. Hakukawia hata udi upoe. Mama mkwe ameyaweka wazi: nikikubali, nyumba ni yangu na nitamsaidia Zena kibandani. Nisipokubali, kaka yangu kule Chole ana nyumba kubwa. Hana. Anajua hana.

Nitamsaidia Zena. Maneno hayo. Posa ningeweza kuikataa kwa adabu, nikaomba siku za kufikiri. Lakini hilo la kumsaidia Zena lilinichoma mpaka nikaomba ruhusa niende chooni. Sikuwa na haja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeenda stendi. Miguu imesahau kilima, nimepumzika njiani kama bibi kizee.

Makuti mapya kweli. Benchi jipya. Foleni. Nikapita mbele kwa mazoea, mama mmoja mwenye kikapu akanivuta kanga. Dada, panga mstari. Nikapanga. Sijui kwa nini nilipanga. Nilisimama kwenye foleni ya kibanda changu mpaka nikafika.

Zena aliponiona mkono ulisita. Kisha akafunga viwili kwenye gazeti, akanipa.

"Shika wifi, vya moto."

Nilivila pale pembeni nimesimama. Nilitaka viwe vibaya. Vigumu, au vimenyonya mafuta, au hamira imezidi. Ni vitamu. Ni vitamu kabisa. Viko kama nilivyovipika siku ile ya kwanza, na juu yake ile iliki ambayo sikuwahi kuruhusiwa kuitia.

Chuma cha vitumbua ni changu. Alinipa marehemu mama yangu nilipoolewa, hata mkwe hawezi kusema kajenga mwanawe. Nilikwenda nikiwa nimekusudia kukichukua. Kilikuwa juu ya jiko la kibandani kinatoa moshi, vitumbua vimo, watu wanasubiri. Nilisimama nikikitazama. Nilishindwa kukidai kikiwa na moto. Kikipoa nitarudi, nilijiambia, na nikajua hakitapoa.

Sikurudi nyumbani kuaga. Hapana, nilirudi, niandike ukweli. Nilirudi, nikachukua nguo, sufuria moja, mbuzi ya nazi. Nikampa mama mkwe mkono. Hakuuliza naenda wapi. Jibu la posa nimemwachia kwa kuondoka.

Jumanne, 8 Julai

Kongowe. Chumba cha uani kwa Tatu, mpaka nitakapopata changu. Baridi ya asubuhi, vumbi, malori ya barabara ya Morogoro.

Oti nimeomba kwa majirani. Wamenipa bila kuuliza, mmoja amefurahi kupunguziwa gunia. Chuma sina, kwa hiyo vitumbua hakuna. Kashata haihitaji chuma. Sufuria inatosha, na ubao ameniazima mume wa Tatu.

Tatu aliniletea iliki jana, punje chache zimefungwa gazetini, zawadi ya kuanzia kazi. Leo alfajiri nimezitwanga. Mara ya kwanza tangu Februari. Harufu ikapanda, nikainusa vizuri, na nilichokiona ni uani Kisarawe, upenu, na Zena kainama.

Nimezifunga tena gazetini. Nimeziweka dirishani.

Nimeikaanga oti kavu, nikakuna nazi, nikayeyusha sukari iliyokuwepo. Nimemwaga, nimekata. Nimekaa kando ya barabara na sinia magotini. Kibanda hakuna, kivuli hakuna.

Lori limesimama. Utingo ameshuka, amechukua kashata moja, ameng'ata, ametafuna polepole.

"Mama, hii haina iliki?"

"Haina."

Akaimaliza. Akachukua nyingine, akalipa, akapanda lori lake. Hakuuliza ni za nani. Nilikuwa tayari kumjibu.