Jiwe Linalotaka Risasi

Shinyanga, Jumanne

Kumbe lile jiwe jeusi la makumbusho ya mgodi, ninalolikalia kila mchana nikila mihogo baada ya kufagia, lina mionzi! Leo mtaalamu kalipima, kipimo kikapiga kelele kama nyenje.

"Hili linataka risasi," akasema.

Masanja, mlinzi, akashika bunduki. "Limekosa nini, bwana?"

Kumbe ni risasi ile metali nzito, ya kutengenezea sanduku la kulifungia. Wakacheka wote.

Mimi nilikuwa namuwaza mke wangu kule Newala. Bado hatujapata mtoto, nami nikahofia mionzi imeniharibu. Nikaomba nipimwe.

"Mpime huko nyuma, bwana," Masanja akadakia, "ndiko kulikokaa!"

Kipimo kikapita kwenye makalio yangu, kikanyamaza.

"Huna vumbi la jiwe hilo," mtaalamu akasema. "Usilikalie tena."

Sijapata kufurahia kunyamaziwa namna hii. Kesho nitakula nimesimama.