Kwa Nini Kariuki Ndiye Aliyechaguliwa

Wanjiru mjukuu wangu,

Sisi hapa Ngoliba ni wazima, na cucu, bibi yako, anapalilia maharagwe. Umeniuliza kama injinia kama wewe anahitaji tena kusomea usimamizi.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa mashine za kahawa Ruiru. Rafiki yangu Kariuki akachaguliwa kwenda kusomea usimamizi. Kwa ufundi nilimshinda, nikamwonea wivu. Aliporudi akiwa msimamizi wetu, mashine ikakwama katikati ya mavuno. Niliijua kasoro yake nikanyamaza, nimwone akiaibika.

Akaniambia mbele ya wote, "Njoroge, hii unaijua kuliko mimi. Tuongoze."

Niliitengeneza nikiona haya. Mimi nisingeweza kutamka maneno yale.

Nenda ukasome. Hata wewe nakuonea wivu kwa nafasi hiyo.

Guka yako,
Njoroge