Pia Pia

Ijumaa jioni, Homa Bay

Bado nacheka! Leo daktari alisukuma kando pia ya goti langu, ile iliyokuwa ikichomoka kila niliporukia mpira wa netiboli kabla ya upasuaji. Nilifumba macho nikingoja ichomoke. Haikuchomoka!

"Pia imetulia," akasema.

Nyanya, ambaye humwita Dani kwa Kijaluo, alikuwa kando yangu; akashtuka. "Pia? Kwani nini kingine kilikuwa kimeharibika?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwonyesha kile kifupa cha mbele ya goti. Akasema nitarudi uwanjani, ila polepole.

Kuruka bado naogopa, kusema kweli. Lakini jioni hii nimepiga magoti kusali, mara ya kwanza tangu upasuaji. Nyanya akaninong'oneza, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, "Nyathina, goti limekubali?"

"Limekubali, Dani. Na pia pia!"

Sala ikaishia hapo.